Mzee Mbele ya Kisu

Katika maradhi yanayomshika mwanadamu tumboni, hapana yaliyowatisha matabibu wa zamani kama kuoza kwa ule utando mwembamba uliofunika matumbo kwa ndani, nako hutokea pale utumbo, au kidole tumbo, au mfuko wa nyongo unapotoboka na uchafu wake ukamwagika mahali ambapo Mola hakuuweka. Wayunani wa zama za Hippocrates walikwisha kuiandika sura ya mgonjwa wa namna hiyo, na sura hiyo mpaka leo hutajwa kwa jina la tabibu huyo: pua imechongoka, macho yamedidimia, panja zimebonyea, masikio yamekuwa ya baridi, na rangi ya uso imegeuka kuwa ya kijivu, na aliyeiona hakuuliza tena habari ya dawa, bali aliwaita jamaa.

Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Kurtuba katika nchi ya Andalusi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11 baada ya kuandika Kitab al-Tasrif katika makala 30, alieleza jinsi jeraha la utumbo linavyoweza kufungwa kwa vichwa vya chungu wakubwa: kingo mbili za jeraha hukutanishwa, chungu huachwa azishike zote mbili kwa taya zake, kisha kiwiliwili hukatwa na kichwa hubaki kimeng'ang'ania kama pini. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na mtu huistaajabia hata leo. Lakini hilo lilikuwa jeraha lililotoka nje, la upanga au mkuki. Ama tumbo lililooza kwa ndani lenyewe, waliothubutu kulipasua walikuwa wachache mno mpaka ilipopatikana nusukaputi mwaka 1846, na mpaka Joseph Lister alipowafundisha wenzake mwaka 1867 kuviua vijidudu kwa asidi ya kaboliki.

Na kwa mzee hofu ilikuwa maradufu, maana mwili wa mzee ni mficha siri. Kijana kidole tumbo kikimpasuka hupiga kelele, homa humpanda, na tumbo lake huwa gumu kama ubao, hata asiyejua utabibu akaligusa akajua ya kuwa kuna jambo. Mzee huenda asiwe na homa kabisa. Tumbo lake likabaki laini chini ya kiganja cha tabibu. Yeye mwenyewe akasema ni chango tu, au ni kile chakula cha jana, akaomba aachwe apumzike. Dalili pekee pengine ni kwamba amekataa chakula tangu asubuhi, na maneno yake yameanza kwenda mrama. Hata ikidhihirika shida yenyewe, usaha umekwisha kuenea siku mbili tatu, na moyo, mapafu na figo zilizochoka kwa miaka hazina akiba ya kupigania. Ndiyo sababu kwa muda mrefu umri wenyewe ulihesabiwa kuwa hoja ya kuuweka kisu kando.

Watu hupenda kuisimulia tarihi ya upasuaji kama tarihi ya ushujaa. Mimi nikiitazama kwa upande wa wazee naiona ni tarihi ya kiasi: ya waliojifunza ni kazi gani ifanywe upesi, na ni ipi iachwe kwa siku nyingine au isifanywe kamwe.

Tuutazame mwaka 1902, ule aliofariki Seyyid Hamud bin Muhammad wa Unguja. Huko Uingereza Mfalme Edward VII, mtu wa miaka 60, mnene wa mwili na mvutaji mkubwa wa sigara, alikuwa akingoja kutawazwa tarehe 26 Juni, na wageni wa mataifa walikwisha kuwasili London. Katikati ya mwezi alishikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Tabibu wake, Francis Laking, alimwita mpasuaji Frederick Treves, nao wakamtaka ushauri Lister, ambaye siku hizo alikuwa shaibu wa miaka 75. Mfalme hakutaka kusikia habari ya kuahirisha sherehe. Akakariri ya kuwa atakwenda kanisani kutawazwa, hata Treves, kwa mujibu wa ilivyosimuliwa, akamjibu kwamba akienda, atakwenda maiti.

Treves hakuyasema hayo kwa wepesi. Miaka miwili kabla yake, binti yake mwenyewe, msichana wa miaka 18, alikufa kwa maradhi hayo hayo ya kidole tumbo, na hali yeye baba alikuwa miongoni mwa wapasuaji waliosifika zaidi London kwa kuyajua.

Tarehe 24 Juni Mfalme akalazwa juu ya meza katika chumba kimoja cha Kasri la Buckingham. Malkia Alexandra alisimama karibu naye, akamshika alipokuwa akijitupa kwa nguvu ya nusukaputi, wala hakuonyesha dalili ya kutoka. Na Treves aliona haya kuvua koti, kukunja mikono ya shati na kuvaa aproni mbele yake, hata ikabidi Malkia aombwe kwa adabu awaache. Mfalme alipolala sawasawa, pumzi ilimziba na uso ukageuka rangi, na yasemekana Frederic Hewitt, aliyekuwa akimpa nusukaputi, akazikamata ndevu za Mfalme akazivuta mbele mpaka njia ya hewa ikafunguka. Kisha Treves akapasua, akaendelea kushuka ndani ya mafuta na nyama mpaka akaupata usaha.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kidole tumbo hakukitoa. Alilifungua jipu, akauacha usaha utoke, akatia mirija na shashi ili njia isizibe, akakoma. Kazi yote ilikwisha kwa muda usiofika saa moja. Laiti angekwenda kukitafuta kidole tumbo katikati ya usaha ule, katika mwili mnene uliokwisha kukosa pumzi mara moja juu ya meza ile, pengine angeueneza uchafu palipokuwa bado safi, na Mfalme asingeamka. Siku ya pili yake Mfalme alikuwa ameketi kitandani akivuta sigara, na tarehe 9 Agosti akatawazwa. Na inasimuliwa ya kuwa baadaye alimwambia Lister kwamba lau si yeye na kazi yake, asingalikuwa hai.

Hekima ya namna hiyo ndiyo iliyoonekana tena Ufaransa mwaka 1921, katika mkutano wa wapasuaji huko Strasbourg, pale Henri Hartmann wa Paris alipoeleza namna yake ya kukata saratani ya mwisho wa utumbo mpana: sehemu mbovu huondolewa, kisiki cha chini hufungwa na kuachwa ndani, na ncha ya juu hutolewa nje ubavuni upande wa kushoto, ili kinyesi kipite hapo. Hakuziunga ncha mbili, maana mshono wa utumbo ukifumuka ndani ya tumbo la mtu dhaifu ndiyo mauti yenyewe. Wapasuaji waliomfuata waliichukua njia hiyo wakaitumia kwa maradhi mengine ambayo ni ya wazee hasa, yale ya vifuko vidogo vinavyojitokeza katika ukuta wa utumbo mpana, ambavyo aghalabu havimdhuru mtu, illa kimoja kikipasuka humwaga najisi tumboni. Kabla ya hapo mzee wa namna hiyo alipasuliwa mara tatu: kwanza kuelekeza kinyesi nje na kuutoa usaha, pili kuukata utumbo mbovu, tatu kuyarudisha mambo mahali pake, na wengi hawakuifikia ile ya tatu.

Sitaki kudharau tabu ya mtu mzima kuishi na tundu la haja ubavuni. Ni mtihani mzito, hasa kwa mwenye kuchunga tohara ya sala, na wazee wengi waliopasuliwa hivyo hawakurudishiwa utumbo wao kamwe, kwa kuwa nguvu za kupasuliwa mara ya pili hazikuwapo. Lakini waliishi.

Dawa za kuua vijidudu zilikuja nyuma ya hayo: zile za salfa baada ya mwaka 1935, kwa kazi ya Gerhard Domagk, kisha penisilini katika miaka ya Vita vya Pili. Ziliokoa roho nyingi, ila hazikukifuta kisu, kwani jipu lililojifunga halipenyezi dawa vizuri, na utumbo uliotoboka huendelea kumwaga.

Treves hakuziwahi. Alikwisha kuacha kupasua, akaandika vitabu, akahamia Uswisi kwenye ziwa la Geneva. Na huko Lausanne, mwezi wa Disemba mwaka 1923, akiwa na miaka 70, akafa kwa kuoza kwa utando wa tumbo.