Mashua mbili zilizovuka milima ya Mitumba zikiwa juu ya magurudumu

KALEMIE – Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanajua vizuri: mashua ikiwa ndani ya maji, mtoto anaweza kuisukuma kwa mkono mmoja. Taabu inaanza ikifika nchi kavu, hasa pale inapopaswa kuinuliwa na kuwekwa juu ya gari. Mwaka wa 1915 taabu hiyo ilipita katika Katanga nzima, toka Fungurume mpaka hapa Kalemie.

Wakati ule vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimefika ziwani. Wajerumani, waliokuwa Kigoma, ndio walitawala maji. Mwezi wa 8 mwaka wa 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mdomo wa mto Lukuga. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, akapeleka shauri London: mashua ndogo zenye mwendo mkali ziletwe kutoka Afrika ya Kusini kwa reli, kisha zikokotwe porini mpaka ziwani. Wakuu wa jeshi la majini wakakubali, na kazi akapewa ofisa Geoffrey Spicer-Simson.

Mashua zilikuwa mbili, za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Majina yake yalikuwa Mimi na Toutou, namna watoto wa Ufaransa wanavyoita paka na mbwa. Kwa masikio ya Waswahili, bila shaka, jina la kwanza lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Ukihesabu safari yao, mashua hizo zilihamishwa mara sita: melini kuingia gari la moshi kule Cape Town, gari la moshi kwenda juu ya tela pale Fungurume ambako reli iliishia, tela kwenda gari la moshi Sankisia, gari la moshi kuingia mto Lualaba pale Bukama, mtoni kurudi garini Kabalo, na mwisho garini kuingia ziwani. Na kila mara hatari ilikuwa ile ile. Mashua imeundwa ili maji yaishike pande zote. Ukiiweka juu ya mbao mbili tu, uzito wote unakaa pale, mkuku unapinda na mbao zinaachana. Ndiyo sababu kila moja ilitengenezewa kitanda cha mbao chenye umbo la tumbo lake.

Fungurume mpaka Sankisia ni kilometa 235 hivi, na katikati kuna Mitumba. Leo Fungurume inajulikana kwa shaba na kobalti; mwaka ule ilikuwa mwisho wa reli tu. Trekta mbili za mvuke zilitangulia zikivuta, pamoja na maksai na mia kadhaa ya vibarua Waafrika. Vibarua ndio waliokata miti, wakapasua njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Palipokuwa na mwinuko mkali, trekta zilishindwa, ikabidi kamba na kapi zifungwe kwenye miti mikubwa ili tela ipandishwe kidogo kidogo. Na kuteremka kulikuwa kubaya zaidi kuliko kupanda, kwani tela yenye mashua juu yake haina huruma kwa aliye mbele. Maji ya kunywesha mashini nayo yalikosekana. Wanawake wa vijiji vya jirani wakayabeba vichwani.

Walifika Sankisia mwisho wa mwezi wa 9. Mto Lualaba ulikuwa umepungua maji, mashua zikakwama mchangani mara nyingi. Toka Kabalo, reli mpya iliyokuwa imefika ziwani mwaka ule ule ikazileta Kalemie mwezi wa 10.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuzishusha ziwani, na hapa haraka haikusaidia. Walihitaji bandari ndogo ya kuzikinga na mawimbi, na mteremko unaoingia majini. Mteremko wa namna hiyo ndio dawa ya taabu yote: gari linaingia majini pamoja na mashua, maji yanaibeba yenyewe, hakuna mtu anayeinua kitu. Kuipakia tena ni njia hiyo hiyo kinyume: gari linazamishwa, mashua inaelea juu yake, kisha vyote vinavutwa pamoja. Wenye mabega peke yake wanachoka bure.

Zilishushwa tarehe 22 na 23 mwezi wa 12. Tarehe 26 zikakamata meli ya Kijerumani Kingani, ambayo ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa 7. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924, na wazee wengi wa ziwa hili waliipanda kwa jina la Liemba.

Spicer-Simson alipewa nishani. Majina ya mashua, ya meli, hata ya maofisa wadogo, yameandikwa vitabuni. Ya waliojenga madaraja ya Mitumba, na ya wanawake wa maji, mtu angepaswa kuyatafuta katika vijiji vya njia ile, kwa wajukuu wao.