Siku ya Kazi ya Wakili wa Mahakamani

Wakili ni mwanasheria aliyekubaliwa na Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika Orodha ya Mawakili kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kwa Tanzania Bara, mhitimu wa shahada ya sheria hupitia kwanza mafunzo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, na akishakubaliwa hujiunga na Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Hayo yanafahamika kwa wengi. Lisilofahamika sana ni namna mtu huyo anavyoitumia siku yake, na kwa nini sehemu kubwa ya siku hiyo huishia katika kuhesabu siku za watu wengine.

Vikao vya mahakama aghalabu huanza saa tatu asubuhi, lakini kazi ya wakili huanza mapema zaidi, kwa kufungua shajara na kuangalia mashauri ya siku hiyo yamepangwa kwa ajili ya nini. Shauri linalokuja kwa kutajwa si sawa na shauri linalokuja kwa kusikilizwa. La kwanza huweza kumalizika kwa dakika chache: mahakama inaelezwa lilipofikia, inatoa amri, inapanga tarehe nyingine. Mteja aliyesafiri usiku kucha kutoka wilayani, akaona jalada lake likifunguliwa na kufungwa kabla hajakaa vizuri, huondoka akiamini kwamba amedanganywa. Mara nyingi hakudanganywa. Hakuelezwa tu tofauti hiyo, na kumweleza ni sehemu ya kazi ya wakili ambayo baadhi yao huipuuza.

Si jambo geni wakili kuwa na mashauri mawili kwa saa ile ile katika majengo tofauti. Kwa desturi, shauri lililo katika mahakama ya juu hupewa kipaumbele, na kwa lile jingine wakili humwomba mwenzake asimame kwa niaba yake. Mwenzake huyo anapaswa kulifahamu jambo analolisimamia, kwa kuwa jaji au hakimu akiuliza swali, jibu la kwamba mwenye shauri hayupo halipokelewi kwa furaha. Usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki na usikilizaji kwa mahakama mtandao umepunguza safari za masijala, ingawa haujaondoa foleni ya kusubiri shauri liitwe.

Siku ya kusikilizwa ndiyo siku ambayo wananchi huifikiria wanapomtaja wakili: joho jeusi katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na maneno makali yanayomtikisa shahidi. Hali halisi ina utulivu zaidi. Wakili anapomwongoza shahidi wake mwenyewe haruhusiwi, isipokuwa kwa mambo machache, kumuuliza swali lililobeba jibu ndani yake. Kwa hiyo shahidi asiyeandaliwa vizuri husahau tarehe, huchanganya majina, na wakili hubaki amesimama bila njia ya kumwokoa. Kisha hufuata maswali ya dodoso kutoka upande wa pili, na mwishoni wakili humrudia shahidi wake kwa ufafanuzi wa yale yaliyoibuliwa. Katika dodoso, ujuzi mkubwa ni kujua lini pa kukoma. Swali moja la ziada limewahi kumpa shahidi nafasi ya kurekebisha lile alilokuwa amekwisha kuliharibu.

Vielelezo navyo vina utaratibu wake. Katika mashauri ya jinai, hati ikishapokelewa na mahakama kuwa kielelezo inapaswa kusomwa kwa sauti, ili mshtakiwa ajue kilichomo. Mahakama ya Rufani imeondoa vielelezo vingi katika kumbukumbu kwa sababu hatua hiyo ilirukwa. Wakili wa utetezi asiyelifuatilia jambo hilo kwa makini huweza kumkosesha mteja wake hoja nzito ya rufaa. Na Wakili wa Serikali asiyelizingatia huweza kupoteza ushahidi uliokusanywa kwa taabu.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maamuzi ambayo mawakili huyategemea yaliandikwa kwa Kiingereza, hivyo wakili hushinda akivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine: anasoma uamuzi wa zamani kwa Kiingereza, kisha anamuuliza shahidi kwa Kiswahili ambacho shahidi huyo anakitumia nyumbani kwake.

Mchana wakili hurejea ofisini, na hapo ndipo mashauri mengi hushindwa au hushinda bila mtu kuona. Mdaiwa aliyepokea wito katika shauri la madai la kawaida ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa katika Mahakama ya Rufani nayo ina siku 30. Anayepinga uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kufika Mahakama Kuu.

Mfano wa kawaida ni wa mwananchi aliyeshindwa katika Baraza, akarudi kijijini, akashauriana na ndugu, akauza mazao ili apate nauli na ada, kisha akamfikia wakili siku ya 70 akiwa na nakala ya hukumu mkononi. Shamba alilolima kwa miaka mingi bado analiona kuwa lake. Wakili hawezi tena kuanza na hoja ya shamba. Anaanza na maombi ya kuongezewa muda, yakiambatana na hati ya kiapo inayoeleza kila siku ya ucheleweshaji, kwa kuwa mahakama zimesisitiza mara kwa mara kwamba hata siku moja isiyoelezwa hudhoofisha maombi. Kama mwananchi huyo aliomba nakala kwa barua mara baada ya uamuzi, muda aliousubiri huweza kutolewa katika hesabu chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Barua hiyo ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa kupokelewa, wakati mwingine huwa na thamani kuliko hotuba yoyote ya wakili.

Katika mazungumzo hayo ya ofisini, mteja yuko huru kusema ukweli. Mawasiliano yake na wakili hulindwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, isipokuwa pale yanapolenga kutenda jambo lisilo halali. Lakini wakili ni afisa wa mahakama pia. Mteja akimwomba amtafutie shahidi wa kusema asichokiona, anapaswa kukataa, hata kama kwa kukataa huko atampoteza mteja.

Asiye na uwezo wa kulipa ada anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwenye uwezo ana wajibu wa kujihadhari na vishoka, yaani watu wanaojiita mawakili bila sifa. Wakili halali huhuisha cheti chake cha kufanyia kazi kila mwaka, na jina lake linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla ya kumkabidhi hati au fedha.

Jioni, majalada ya kesho hutolewa kabatini. Wakili huandika katika shajara tarehe alizopewa asubuhi, na pembeni ya kila hukumu iliyosomwa siku hiyo huandika tarehe ya mwisho ya rufaa. Kisha humpigia mteja simu kumtajia tarehe hiyo.