Ukuta wa Kifo Nyuma ya Nyumba: Ayalandi ya Vijijini na Hamu ya Enzi za Pikipiki

Mwaka 1986 mwongozaji Peter Ormrod alitoa filamu iitwayo Eat the Peach. Wanaume wawili wanaoishi karibu na mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini wanapoteza ajira baada ya kampuni ya Kijapani kufunga kiwanda chake. Wakiwa hawana la kufanya, wanatazama Roustabout, filamu ya mwaka 1964 ambamo Elvis Presley anaendesha pikipiki ndani ya pipa kubwa la mbao, nao wanaazimia kujenga pipa la namna hiyo nyumbani kwao. Kisa hiki hakikuzuliwa chote. Kilichochewa na watu halisi wa kaunti ya Longford waliojenga Ukuta wa Kifo kwa mikono yao wenyewe.

Leo Waayalandi waliokulia vijijini katika miaka ya 1970 na 1980 wanapozungumzia pikipiki zilizoungwaungwa karakanani, mbao zilizoegemezwa juu ya mapipa na umati uliokusanyika shambani kushangilia, huzungumza kwa hamu kubwa. Husema kwamba zamani watu walijifanyia mambo yao. Hamu hiyo haifai kudharauliwa, kwa kuwa ni ushahidi wa kihistoria kama ushahidi mwingine. Lakini ushahidi huhojiwa. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu hii imefunga katika kifurushi kimoja vitu viwili tofauti: uhuru wa kubuni, na dhiki iliyowalazimisha watu kubuni.

Tuanze na mchezo wenyewe. Ukuta wa Kifo ulitokana na maonesho ya pikipiki yaliyoenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ukaingia Uingereza mwaka 1929, na baadaye kuzunguka na wafanyabiashara wa maonesho kutoka mji hadi mji. Ni mduara wa mbao wenye kuta zilizosimama wima. Mwendeshaji huanzia chini, hupanda sehemu iliyoinama, kisha huhamia ukutani. Mwendo wa kuzunguka huyakandamiza magurudumu ukutani, na msuguano kati ya mpira na mbao humzuia asiporomoke. Akipunguza mwendo kupita kiasi, huanguka. Watazamaji husimama juu ukingoni wakichungulia chini, na kwa desturi huombwa kurusha sarafu, kwa maelezo kwamba hakuna kampuni ya bima inayokubali kumkatia mwendeshaji bima. Msomaji aikumbuke sarafu hiyo, maana tutairudia.

Hamasa nyingine ililetwa na televisheni. Shirika la utangazaji la Ayalandi, RTÉ, lilianza matangazo ya televisheni tarehe 31 Desemba 1961. Tarehe 26 Mei 1975 Mmarekani Evel Knievel aliruka mabasi 13 katika uwanja wa Wembley, London, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kijana wa kijijini aliyeyaona hayo hakuwa na mabasi wala uwanja, bali alikuwa na uwanda wa malisho, mbao za zizi, na pikipiki kuukuu.

Lakini hamasa pekee haijengi ukuta. Swali la mwanahistoria ni hili: ujuzi ulitoka wapi? Mkulima aliyekaa mbali na mji alilazimika kuwa fundi wa mashine zake mwenyewe. Mradi wa kusambaza umeme vijijini ulioanza mwaka 1946 ulifikisha nishati katika mabanda ya wakulima, na trekta likachukua nafasi ya farasi. Trekta maarufu kuliko yote lilikuwa la Harry Ferguson, mzaliwa wa kaunti ya Down, ambaye katika ujana wake alishindana kwa pikipiki, na tarehe 31 Desemba 1909 akarusha ndege aliyoiunda mwenyewe. Mwaka uliofuata Lilian Bland, mwandishi wa habari aliyeishi Carnmoney, kaunti ya Antrim, naye aliunda na kurusha ndege yake. Tangi la mafuta lilipochelewa kufika, alitumia chupa ya wiski, akimiminia petroli kupitia pembe ya kusikilizia ya shangazi yake. Kwa hiyo waliojenga Ukuta wa Kifo hawakuwa vichekesho vya kijiji. Walisimama katika mkondo mrefu wa mafundi wasiosubiri idhini.

Jambo la pili ni ushirika. Waayalandi wana neno meitheal, lenye maana iliyo karibu sana na ujima wetu: majirani hukusanyika kuvuna au kukata udongo wa kinamasi, ambao hukaushwa na kuchomwa kama kuni, na aliyesaidiwa leo humsaidia mwenziwe kesho. Chama cha Muintir na Tíre, kilichopata sura yake ya kiparokia mwaka 1937, kiliijengea roho hiyo muundo. Onesho la shambani lilihitaji utaratibu huohuo: huyu ana mbao, yule anajua kuchomelea vyuma, mwingine ana lori, na wote wana jioni za kutumia.

Hapa ndipo hamu ya zamani inapoanza kunyamazia mambo. Kwa nini jioni hizo zilikuwa nyingi hivyo? Katika miaka ya 1950 takribani watu 400,000 waliihama Jamhuri ya Ayalandi, na sensa ya mwaka 1961 ilikuta wakazi milioni 2.8 tu. Mwaka 1973 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya na matumaini yakafufuka, lakini katikati ya miaka ya 1980 ukosefu wa ajira ulifika karibu asilimia 17 na vijana wakarudi kwenye meli za kwenda Uingereza. Fundi mwenye uwezo wa kukokotoa mwinamo wa ukuta na kuujenga ukasimama alikuwa fundi ambaye uchumi haukumhitaji. Ubunifu wake ulikuwa wa kweli, na kupuuzwa kwake kulikuwa kwa kweli vilevile.

Mpaka nao una sehemu yake. Katika filamu, mashujaa wanagharimia ujenzi kwa magendo. Magendo ya mpakani yalikuwa sehemu ya maisha hadi ukaguzi wa forodha ulipoondolewa mwaka 1993 kwa kuanzishwa kwa soko la pamoja la Ulaya. Katika miongo hiyohiyo barabara ndogo zilifungwa na jeshi la Uingereza, na watu waliuawa. Anayekumbuka injini pekee hukumbuka nusu ya sauti zilizosikika.

Tena, tuulize ni nani aliyekuwa juu ya pikipiki. Hadi mwaka 1973 mwanamke mtumishi wa umma nchini humo alipaswa kuacha kazi akiolewa. Katika kumbukumbu nyingi za maonesho haya mwanamume ndiye arukaye, na mwanamke ni mtazamaji. Lilian Bland anatuonesha kwamba hilo halikuwa suala la uwezo.

Basi, nani aliyeyaua maonesho hayo? Jibu la mitaani ni fupi: bima. Lina ukweli ndani yake. Mwaka 1983 kampuni ya PMPA, bingwa wa bima za magari, iliwekwa chini ya msimamizi. Mwaka 1985 serikali ilibidi iiokoe Insurance Corporation of Ireland. Gharama zilirushwa kwa wananchi kupitia tozo kwenye bima zao. Hofu ya wakulima kushtakiwa na watu wanaoumia katika mashamba yao ilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria ya wajibu wa wamiliki wa ardhi mwaka 1995. Mwaka 2023 mashindano ya pikipiki barabarani yalikaribia kufutwa kwa sababu ya gharama za bima, hadi wapenzi wake walipochangishana fedha, na North West 200 ikafanyika. Hiyo ndiyo ile sarafu ya ukingoni, safari hii kwa kiwango cha taifa.

Hata hivyo, mtumishi wa umma anayesoma makala haya asikubali haraka kuvishwa kofia ya mhalifu. Joey Dunlop, shujaa wa mbio hizo, alifariki akishindana mjini Tallinn mwaka 2000. Mdogo wake Robert alifariki mwaka 2008 katika mazoezi ya North West 200, na William, mwana wa Robert, akafariki Skerries mwaka 2018. Hawa walikuwa mabingwa wenye vifaa bora. Kijana aliyevunjika shingo shambani kwa jirani hakuwa na kumbukumbu ya kitaifa. Alikuwa na mama wa kumwogesha. Kanuni za usalama zilizaliwa na majeraha kama hayo.

Kinachobaki ni swali la kisiasa, nalo halimo katika pikipiki. Je, dola inayomlinda raia asiumie inaweza pia kumwachia nafasi ya kujifanyia jambo na wenzake? Ayalandi ya leo ni tajiri kuliko ile ya mwaka 1986, na hakuna anayetaka kweli kurudisha meli zilizojaa wahamiaji. Kinacholiliwa ni ile imani kwamba kijiji kinaweza kuamua jambo jioni na kulianza asubuhi. Katika mbio za mwaka 2023 haikutosha kuilaani bima: watu waliketi, wakapiga hesabu, wakalipa. Wanafunzi wangu wanaotaka kuandika historia ya burudani waanzie kwenye hesabu kama hizo: nani alitoa mbao, nani alikuwa hana kazi, na nani alilipa gharama pale mtu alipoanguka.