Swali Lililochekwa

Shangazi yangu aliuza barafu za ubuyu Ngamiani, Tanga. Jioni alichemsha ubuyu, akauacha upoe sufuriani, ndipo aufunge kwenye vifuko na kuvipanga kwenye friji. Siku moja niliufunga ungali wa moto. "We mtoto, utaniulia friji!" Nikanyamaza. Baadaye sana nilijua kwamba katika mkoa wetu huu kuna kijana ambaye hakunyamaza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, huko milimani Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, nao walitakiwa kuyapoza kwanza. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaingiza yake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyetumia maziwa baridi, bado yalikuwa mazito tu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Lakini likizoni rafiki yake, muuza aiskrimu wa Tanga mjini, alimwambia kwamba yeye huweka ya moto, maana huganda upesi.

Akiwa Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Sababu yake ni nini? Wengine wametaja mvuke, wengine mzunguko wa maji chomboni. Wengine wameitafuta kwenye vifungo vya hidrojeni vinavyoshikanisha molekuli za maji. Huko kipimajoto hakifiki. Inahitajika leza yenye mipigo inayohesabiwa kwa femtosekunde: ikate sekunde vipande bilioni, kisha kila kipande ukikate tena mara milioni. Mpigo wa kwanza huitikisa molekuli. Wa pili, ukicheleweshwa kidogo, hupima mtikisiko umefikia wapi. Ukibadilisha ucheleweshaji huo unapata mfululizo wa picha. Kwa kazi ya namna hii Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999.

Mwaka 2005 watafiti wa Toronto na Berlin waliyatazama maji hivyo. Mtandao wa vifungo ulisahau mpangilio wake ndani ya femtosekunde zisizozidi 50. Niliposoma hayo nilikumbuka sufuria ya shangazi. Ikiwa maji husahau upesi hivyo, yakishapoa yatakumbukaje kwamba yalitoka jikoni? Nadhani siri, kama ipo, iko kwenye mvuke na chombo. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, wasione maji moto yakipoa upesi zaidi. Wakaonyesha kuwa kukisogeza kipimajoto kidogo tu kunaweza kubadilisha jibu. Mabishano hayajaisha.

Sasa mimi ni mwalimu. Mtoto akiuliza jambo la ajabu na darasa likacheka, nami hunijia hamu ya kucheka. Hujizuia. Hata wanaompinga Mpemba wamelazimika kupima, na rafiki yake wa Tanga alikuwa amekwisha kujaribu kabla yao wote.