Audacity na MP3: kwa nini redio zetu zilihangaika karibu miaka 20

Wasikilizaji wengi hutuuliza kwa nini ushuhuda uliochukuliwa asubuhi husikika redioni kesho yake, au hausikiki kabisa. Ukosefu wa umeme mnaujua. Sababu nyingine imo ndani ya ordinateri na imeanzia mbali: leseni za programu, yaani ruhusa ya kuzitumia na kuzigawa, na namna zinavyosakinishwa kwenye mashine.

Programu ambayo redio nyingi za kijamii hukatia sauti inaitwa Audacity. Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ilitolewa kwa umma tarehe 28 Mei 2000. Hapa Kisangani wiki iliyofuata tunaikumbuka kwa jambo lingine: tarehe 5 Juni ilianza vita ya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda ndani ya mji wetu.

Audacity ilikuwa na faida mbili. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Tena leseni yake, GPL, inamruhusu kila mtu kuitumia bila kulipa, kuinakili na kumpa mwenzake kwa flashi. Sharti ni kwamba anayeigawa asifiche msimbo wake wala asiwanyime wengine haki hizo hizo. Kwa redio inayohesabu kila lita ya mafuta ya jenereta, hilo si dogo.

Lakini palikuwa na pengo. Sauti tunazopeana kwa simu na flashi nyingi ni MP3, maana faili zake ni nyepesi. Ufundi wa MP3 ulilindwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulipwa na kila anayetumia uvumbuzi wake. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa wenye hataza hizo, na mwaka 1998 iliwaandikia watengenezaji wa programu za bure kwamba lazima wapate leseni. Kwa hiyo waliotengeneza LAME, kifaa cha bure cha kutoa MP3, waligawa msimbo tu, si programu iliyo tayari. Audacity nayo haikuweza kuiweka ndani yake.

Mwandishi alisakinisha Audacity vizuri, akakata habari yake, na mwishoni, alipotaka kutoa MP3, mashine ikamwuliza: faili ya lame_enc.dll iko wapi? Hiyo ilikuwa ya Windows. Mac ilitaka faili nyingine, Linux nyingine. Ukichukua ya biti 64 kwa Audacity ya biti 32, haikubali. Ilibidi kwenda siber au kununua mega, kisha kutafuta kwenye tovuti ambazo nyingine huchanganya programu na takataka. Hatari hiyo si ya kubuni: Agosti 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya FossHub, na kwa saa chache waliopakua Audacity humo walipata programu ya kuharibu mashine.

Fraunhofer ilifunga mpango wake wa leseni za MP3 tarehe 23 Aprili 2017, hataza zilipokwisha muda. Mei 2019, Audacity 2.3.2 ikatoka na LAME ndani yake kwa Windows na Mac. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita.

Shida ya pili ilikuwa ya mradi wenyewe. Zamani Audacity ilihifadhi faili ndogo ya .aup, na sauti zenyewe zikakaa katika folda ya pembeni. Aliyenakili .aup peke yake kwenye flashi alibeba ganda bila karanga. Tangu Machi 2021, toleo la 3.0 hukusanya vyote katika faili moja, .aup3, lakini Audacity ya zamani haiwezi kuifungua. Na hata leo, sauti za m4a kutoka simu nyingi hazifunguki kwenye Windows bila FFmpeg, ambayo husakinishwa kando, tena kwa sababu ya hataza.

Haya yanawagusa hasa familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023. Sauti ya mama anayemtafuta mtoto wake, au ya mzee anayetaja mipaka ya shamba aliloliacha Lubunga, hairudiwi kirahisi. Ikikwama kwenye mashine, huenda mwenyewe amekwisha kuhama tena.

Kwa hiyo, wenzetu wa redio, wekeni kisakinishi kimoja kilichotoka kwa Audacity wenyewe kwenye flashi, mpeane, leseni inaruhusu. Pamoja na mradi, toeni nakala ya WAV, maana hiyo hufunguka karibu kila mahali. Nanyi mnaotupa shuhuda, msifute sauti kwenye simu mpaka muisikie redioni.