Mzimu na Burudani katika Riwaya ya Kiswahili

Wahakiki wengi wameihesabu burudani kuwa kasoro ya riwaya, na vitabu vya kusisimua wakavitenga kwa jina la riwaya pendwa. Historia ya mzimu katika fasihi ya Kiswahili yaonyesha vingine.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mtu aonekana ameuawa penye mzimu. Wenyeji waingiwa na hofu. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, amtafuta muuaji miongoni mwa binadamu. Katika Kisima cha Giningi (1968) mwandishi aliazima jina la makao ya wachawi yanayosimuliwa Unguja, na tena akaipa akili ushindi. Yafaa izingatiwe kwamba msomaji huvutwa na hofu ile ile ambayo kitabu chakusudia kuiondoa. Raha ndiyo imfikishayo kwenye hoja.

Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed, naye Mzanzibari, aliupindua mpango huo. Katika Babu Alipofufuka mzuka haufichuliwi kuwa hila: wamwandama mjukuu mwenye cheo na kumwonyesha dhiki za watu aliowasahau. Safari hii mzuka ndio mpelelezi, na mkubwa ndiye mshukiwa.

Kuvidharau vitabu hivi kwa kuwa husomwa kwa furaha ni kulikwepa swali linaloviunganisha: ni nani hasa wa kuogopwa, mzimu au mtu?