Mto Ruzizi na Wakimbizi wa Tengeru



Wengi wenu mmekwisha kuvuka daraja la Ruzizi. Mmewaona akina mama wakipita na vikapu vya mboga na samaki, na wengine wakienda ng'ambo kuwasalimu ndugu zao. Anayesimama pale akiyatazama maji haoni alama yoyote iliyowekwa na Mungu ili kutenganisha ukingo huu na ule. Mpaka ule uliwekwa na watu, na tarehe zake tunazifahamu.

Mkutano wa Berlin ulianza mwezi wa Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. Humo mataifa ya Ulaya yalikubaliana kanuni za kujigawia Afrika. Wajumbe walizungumza juu ya nchi ambazo hawakuzijua: Mjerumani von Götzen alilifikia Ziwa Kivu mwaka 1894, takriban miaka kumi baadaye. Wajerumani na Wabelgiji waligombea eneo letu hadi mwaka 1910, walipopatana huko Brussels kwamba mpaka upite ziwani na kuufuata mto Ruzizi, na kisiwa cha Idjwi kibaki upande wa Wabelgiji. Mkulima wa Bushi na mvuvi wa Idjwi hawakuulizwa neno.

Tungeweza kuishia hapo, tukasema kwamba Ulaya ilichora mipaka na Afrika ikaumia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ndani ya Ulaya yenyewe lilikuwepo taifa lililotendewa vivyo hivyo. Kati ya mwaka 1772 na 1795, Urusi, Prussia na Austria ziliigawana nchi ya Poland mara tatu, mpaka ikafutika kwenye ramani. Wakati wa mkutano wa Berlin, Poland haikuwa dola. Ilirudi mwaka 1918, na mwezi wa Septemba 1939 ikagawanywa tena: Wajerumani waliivamia kutoka magharibi, na Urusi ya Kisovieti kutoka mashariki.

Katika mwaka 1940 na 1941, Wasovieti waliwapakia mamia ya maelfu ya Wapolandi katika magari-moshi, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na kazi ngumu. Hitler alipoishambulia Urusi mwezi wa Juni 1941, waliobaki walianza kupata ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1942 maelfu walivuka Bahari ya Kaspi hadi Uajemi. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake na watoto, wengi wao yatima, walitafutiwa mahali pa kukaa. Mahali hapo pakawa huku kwetu, Afrika.

Meli ziliwashusha katika bandari za pwani ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwatawanya katika kambi nyingi. Kubwa kupita zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, chini ya mlima Meru, iliyopokea watu karibu 5,000. Nyingine zilikuwa Uganda, huko Masindi na Koja. Wakimbizi hao walikaa katika nyumba za udongo, wakalima bustani, wakafungua shule na kusali. Kanisa walilojenga Nyabyeya, karibu na Masindi, kwa heshima ya Bikira Maria, bado limesimama. Huko Tengeru yapo makaburi ya wale ambao hawakuondoka tena.

Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Mwezi wa Februari 1945 wakubwa wa dunia walikuwa wamekutana Yalta na kuusogeza mpaka wa Poland, na mashamba ya familia nyingi yakawa ndani ya Urusi ya Kisovieti. Watu hao walikuwa bado Afrika nchi yao ilipohamishwa nyuma yao. Walitawanyika hadi Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1952 Papa Pius XII alitoa hati iitwayo Exsul Familia, akiwafundisha Wakristo kuitazama Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kama mfano wa kila familia iliyo uhamishoni.

Basi turudi kwetu. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1994 tunakumbuka umati uliovuka Ruzizi kutoka Rwanda. Viwanja vya shule na vya parokia vilijaa, miti ilikatwa kwa kuni, na kipindupindu kilikuja. Miongoni mwa wasio na hatia walikuwamo pia watu wenye damu mikononi, na jambo hilo lilituletea balaa kubwa. Askofu mkuu wetu Christophe Munzihirwa hakukubali kwamba kosa la wenye silaha liwe hukumu ya mtoto na ya mama mzee. Aliwatetea wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Vita vilipofika mjini, alibaki na watu wake, akauawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Mwezi wa Februari 2025 zamu ikawa yetu. Maelfu ya watu wa Kivu Kusini waliuvuka mto ule ule wa Ruzizi, huko chini kwenye uwanda, wakaingia Burundi wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Wengine kati yenu mlikuwamo. Mnajua jinsi mtu anavyolikumbuka jina la aliyempa maji siku ile, na jinsi asivyousahau mlango uliofungwa.

Ndiyo sababu nawaomba msiseme «wale wakimbizi» kana kwamba ni kabila la pekee. Mwalimu wa Poland, mkulima wa Rwanda na mwanafunzi wa Bukavu wote wamewahi kuitwa hivyo. Mbele ya Kristo atakayetuhukumu, hatutaulizwa mpaka ulipita wapi. Tutaulizwa kama tulimpokea mgeni.

Kwa majadiliano ya kikundi:

1. Katika shirika lenu ni familia gani imefika kwa sababu ya vita? Nani ameitembelea?

2. Tunatumia maneno gani tunapowataja majirani wa ng'ambo ya Ruzizi? Je, tungeyatamka mbele yao?

3. Kabla ya mkutano ujao, kikundi chenu kitafanya tendo gani moja kwa ajili ya aliyehama?